Kipimo kimesema dawa imezidi kwenye damu ya mdogo wangu, sisi tukamwita muongo

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa nane usiku, mama kalala na mdogo wangu kajifungia chumbani tangu juzi hatusemeshi, niko mimi na simu tu hapa jikoni, nisome mpaka mwisho tafadhali ni ndefu kidogo.

Tuko Leicester, Uingereza, tulitoka Tanga mi nina miaka 14 yeye 9. Tumwite Sudi, sio jina lake. Sasa ana 31. Aliugua akiwa na 22, skizofrenia, sauti usiku kucha, ikafika mahali hali chakula cha nyumbani kwa kuamini mama kamtilia kitu. Dawa ya kwanza haikushika, ya pili haikushika, ndo wakamuanzishia klozapini na Shangazi nakwambia ukweli ile dawa ndo iliyoturudishia Sudi wetu. Anafanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye ghala la nguo, anamsaidia mama kupika futari, anatania. Anameza miligramu 150 asubuhi na 250 usiku na kila mwezi anaenda kutoa damu ya kupimwa, wala hajawahi kukosa.

Sasa Ramadhani hii kaamua afunge na akaamua kuacha sigara moja kwa moja. Alikuwa anavuta pakiti nzima kwa siku tangu hajaugua. Kaacha siku ya kwanza ya mfungo na hata usiku havuti, mama alilia kwa furaha. Zile dawa za asubuhi akawa anazimeza kwenye daku, kama saa kumi na nusu alfajiri hivi, za usiku akirudi tarawehe.

Wiki ya tatu tukaanza kuona mambo. Akilala haamki mpaka adhuhuri, mto umelowa mate mpaka nikawa natandika taulo juu ya foronya na asubuhi taulo nalo chepechepe. Anaongea kama ana kitu mdomoni. Siku moja kwenye futari kashika bakuli la uji, mkono ukamruka wenyewe, uji wote mkekani. Sisi tukacheka, yeye hakucheka, akawa anautazama tu ule mkono.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya damu, wakamtoa saa tatu na nusu asubuhi. Jumatatu wakapiga simu. Wamesema safari hii walipima na kiwango cha dawa, imetoka 0.94, mwaka jana ilikuwa 0.46. Nesi akauliza, na simu iko kwenye spika mama anasikia, mna uhakika hazidishi vidonge? Basi ikawa ndo hiyo. Mama kaanza kulia kwamba mtoto anataka kujiua. Mimi nikahesabu vidonge vilivyobaki, vikawa sawasawa, lakini kichwa changu kikasema labda ana vingine kaficha, nikapekua chumba chake, makabati, chini ya godoro, mpaka mifuko ya koti, yeye kasimama mlangoni ananiangalia. Sikupata kitu. Nikamwambia Sudi damu haidanganyi. Akasema na mimi sidanganyi, akafunga mlango.

Tangu hapo hataki kusikia habari ya damu. Wanamtaka arudi Ijumaa, na hapa bila damu hawatoi dawa, zilizobaki ni za siku nne. Mama kazifungia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chake na tangu jana anampa nusu, anasema nusu itapunguza sumu. Halafu kwenye damu hiyohiyo chembe nyeupe zimetoka 1.7, wanaita njano, wamesema zikishuka zaidi watamuachisha dawa. Akiachishwa tunarudi kule kule Shangazi, sitaweza tena.

Hivi hiki kipimo kinapima nini hasa? Kinapima sumu, kinapima damu, au kinapima kama mtu muongo?

Dada mtu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. La haraka nilishakutumia pembeni asubuhi ileile na ulinijibu, hapa naweka yote kwa ruhusa yako manake najua kuna nyumba nyingine zina kopo la biskuti kama lenu.

Lile la haraka lilikuwa hili. Piga kliniki leo, usisubiri Ijumaa, uwaambie hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi: usingizi, mate, ulimi mzito, mkono kuruka. Huko kuruka kwa mkono wasikuchukulie kama kitu cha kawaida, dawa ikizidi kwenye damu mishipa ya fahamu inaanza kushtuka na mbele yake kuna degedege. Akianguka degedege, au mkashindwa kumuamsha, au moyo ukamwenda mbio na kifua kikamuuma, hiyo sio ya kliniki tena ni 999, namba ya dharura ya hapa. Na umuulize choo mara ya mwisho amepata lini. Usione aibu kumuuliza. Klozapini inafunga choo vibaya sana na watu wamekufa kwa tumbo lililofunga, sasa ongeza mchana mzima bila maji.

Haya tuje kwenye swali lako, kinapima nini. Yaani ni vipimo viwili mwanangu, vinatoka kwenye sindano moja ndo maana watu wanavichanganya, hata waliokunywa dawa hii miaka kumi.

Cha kwanza, kile cha kila mwezi, kinahesabu chembe nyeupe, hasa zile zinaitwa neutrofili ambazo ndo askari wa mwili. Hakina habari na dawa iko kiasi gani. Kipo kwa sababu klozapini kwa watu wachache inaweza kufuta hao askari kabisa, halafu maambukizi madogo tu yanaweza kumuua mtu. Iligundulika kwa uchungu, Finland mwaka 1975 wagonjwa walikufa kwa hilo na dawa ikaondolewa nchi nyingi. Ikarudi mwaka 1990 hapa Uingereza kwa sababu iliwasaidia watu ambao dawa nyingine zote zimeshindwa, watu kama Sudi wenu, lakini ikarudi na sharti la damu: kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, halafu kila wiki mbili mpaka mwaka utimie, halafu kila mwezi. Kwa hiyo Sudi anapokwenda kila mwezi bila kukosa sio kwamba anachunguzwa tabia, anajilinda.

Cha pili ndo hiki kilichowagombanisha, kiwango cha dawa kwenye damu. Hiki kinapima dawa yenyewe. Chini ya 0.35 (ni miligramu kwa lita ya damu) mara nyingi haifanyi kazi vizuri, ikipita 0.6 madaktari wanaanza kuangalia kwa makini, ikikaribia 1 hatari inakuwa kubwa. Kwa hiyo 0.94 sio namba ya kupuuza, walifanya vizuri kupiga simu. Lakini sikiliza hapa na umsomee na mama. Ile karatasi inasema damu ina dawa kiasi gani, haisemi mdomo umemeza vidonge vingapi. Kati ya mdomo na damu kuna ini, kuna saa, kuna sigara, na ninyi mwezi huu vyote vitatu mmevigeuza.

Anza na saa. Kipimo hiki kinatakiwa kichukuliwe masaa 12 baada ya kumeza mara ya mwisho, kama ulimeza saa tatu usiku unatoa damu saa tatu asubuhi, na vile vya asubuhi unavibeba mfukoni unameza ukishatolewa damu. Nina hakika Sudi siku zote ndo anavyofanya. Sasa Alhamisi ile kameza 150 kwenye daku saa kumi na nusu, wakamchoma saa tatu na nusu. Hesabu. Masaa matano. Dawa ilikuwa bado iko juu, na za usiku nazo kazimeza baada ya tarawehe kwa hiyo hata hizo zilikuwa hazijafikisha 12. Sio kosa lake, alijitahidi kupanga dawa na funga kwa akili yake nzuri, hakuna aliyemwambia. Na kwenye majibu huwa kuna namba ya pili, norklozapini, hicho ni kile ini linachobakiza likishaivunja dawa. Muulizeni daktari namba hiyo. Klozapini ikiwa imeipita norklozapini kwa mbali, mara tatu na kuendelea, moja ya maswali ya kwanza ni kama damu ilichukuliwa mapema mno.

Lakini saa peke yake haielezi mate na mkono kuruka, maana hayo yalianza kabla ya Alhamisi. Hapo ndo naingia kwenye sigara.

Moshi wa sigara unalichangamsha ini. Kuna kimeng'enya kwenye ini ambacho kazi yake ni kuivunja klozapini, na ule moshi, sio nikotini, moshi wenyewe na lami yake, unakifanya kifanye kazi mara dufu. Mtu wa pakiti moja kwa siku anaivunja dawa haraka sana, kwa hiyo dozi yake inapangwa kubwa kufidia. Zile 400 za Sudi zilipangwa kwa ini la mvutaji. Siku anaacha, ndani ya wiki moja hivi ini linapoa, dozi ni ileile, vidonge vilevile, lakini sasa dawa inabaki kwenye damu. Inaweza kupanda nusu tena ya ilivyokuwa, kwa wengine zaidi. Sasa chukua 0.46 yenu ya mwaka jana upandishe hivyo, halafu uichukue damu mapema masaa saba, unaona tunavyokwenda kwenye 0.94 bila mtu kuongeza hata kidonge kimoja?

Nimefanya kazi wodi za akili miaka mingi, nimeliona hili kwa macho. Sheria ya kukataza sigara ndani ilipoanza England mwaka 2007 wodi za akili zilipewa mwaka mmoja zaidi, ilipofika 2008 nazo zikafungiwa, basi tukawa tunapokea mgonjwa anaacha sigara kwa lazima, wiki ya pili analala kwenye sahani ya chakula, tunasema ugonjwa umezidi, kumbe dawa. Anapunguziwa dozi anakaa sawa, anarudi nyumbani, anawasha sigara getini, na baada ya mwezi sauti zimerudi. Nilikuwa na baba mmoja wa makamo alizunguka hivyo mara tatu kabla mtu hajamuuliza kuhusu sigara. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma, manake na yeye tulimuuliza swali lilelile, mzee unameza sawasawa? Akawa anatuonesha viganja vyake vitupu kama mtoto.

Agosti 2020 mamlaka ya dawa ya hapa, MHRA, iliwakumbusha madaktari wote wapime kiwango cha klozapini mgonjwa anapoacha sigara au kuhamia kwenye vepu (sigara ya umeme), anapopata nimonia au maambukizi makali, au akionesha dalili kama hizi za Sudi. Kwa hiyo ukiwapigia usiwe na woga wa kuonekana unajifanya unajua. Sema tu: ameacha sigara tangu siku ya kwanza ya Ramadhani, alikuwa anavuta 20. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kopo zima la vidonge ulivyohesabu. Waambie pia kama amekuwa na kikohozi au homa, au kama kapewa antibayotiki, kuna moja inaitwa siprofloksasini inapandisha klozapini vibaya. Na kahawa, mwanangu, mkishafuturu anakunywa vikombe vingapi? Kahawa nayo inagombania kimeng'enya kilekile, ikizidi dawa inapanda.

Sasa mama. Mama naomba unisikilize kwa heshima zote, najua huo mkono unaogawa nusu ni mkono wa upendo. Huenda hata daktari naye akasema dozi ishuke. Lakini ashushe yeye, kwa kipimo, sio sisi kwa kisu cha jikoni. Na kuna hatari nyingine ambayo hukuifikiria: Ijumaa wakimpima huku kapewa nusu na hamjasema, namba itashuka yenyewe, na daktari atasema ehee, kumbe kweli alikuwa anazidisha, sasa kaacha. Utakuwa umemshtaki mwanao kwa mara ya pili na safari hii kwa ushahidi wa maabara. Waambieni ni nusu ngapi, siku zipi. Kopo limrudie Sudi au likae sebuleni mezani, yeye amejitunza na dawa hii miaka yote.

Na msije mkafika mahali pa kukosa kabisa. Hii narudia mara mbili kwa wasomaji wote: klozapini ikikatika zaidi ya masaa 48 hairudiwi na dozi ileile. Inaanza upya chini kabisa, miligramu 12.5, inapandishwa taratibu na daktari. Kuna watu wamekaa siku tatu bila dawa, siku ya nne wakapewa 400 na ndugu mwenye huruma, wakaanguka kwa presha kushuka. Ndo maana Ijumaa lazima.

Ile 1.7 nayo ngoja niiseme, nimeona imekutisha kuliko zote. Hiyo ni hesabu ya neutrofili, na kwa vipimo vya kawaida vya hapa, juu ya 2 ni kijani, 1.5 mpaka 2 ni njano, chini ya 1.5 ni nyekundu na dawa inasimamishwa. Sasa sisi Waafrika wengi tuna neutrofili chache kwenye damu tangu kuzaliwa na ni wazima kabisa, hatuugui ovyo. Inatokana na alama fulani kwenye chembe nyekundu inaitwa Duffy, wengi wetu hatuna, na inaaminika ni malaria ya zamani hizo ndo iliyotuachia. Madaktari wanalijua hilo na kwa mtu aliyethibitishwa mistari inashushwa, kijani inaanzia 1.5 na nyekundu inakuwa chini ya 1. Kwa mistari hiyo 1.7 ya Sudi ni kijani. Sisemi ndivyo alivyo, sijaiona damu yake. Nasema muombe daktari wa damu aangalie, waulize alikuwa na ngapi kabla hajaanza klozapini, ipo kwenye faili. Kwa sasa wakimtaka mara mbili kwa wiki aende, na akipata homa au koo kuuma apime siku hiyohiyo bila kungoja. Nimeshaona mtu mweusi anaachishwa dawa iliyomuokoa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo, familia ikarudi mwanzo kabisa.

Hata ninyi wa Dar na Mombasa mnaonisoma, hesabu ya chembe nyeupe ni kipimo cha kawaida, ileile FBP, picha kamili ya damu. Kiwango cha dawa ndo kigumu kupata maabara za kawaida, kwa hiyo huko macho yenu ndo maabara: mtu wa klozapini akiacha sigara, au akihamia ugoro ambao hauna moshi, mjulisheni daktari kabla ya siku ya kuacha, sio baada.

Funga yake simkatazi mimi, hilo ni la daktari wake na sheikh wenu, ila mgonjwa ruhusa yake iko wazi kwenye Qurani na Sudi asione kwamba ni kushindwa.

Sasa limebaki gumu. Nenda kagonge mlango. Usiende na habari ya Ijumaa kwanza, wala usianze na "lakini na wewe ungetuambia". Mtu mwenye ugonjwa huu kazi yake kubwa maishani ni kujua kipi ni kweli na kipi kichwa kinamdanganya, na wewe, ambaye ndo anakutegemea kumwambia kweli, ulisimama na karatasi ukamwambia yeye ndo uongo. Na akakuona unapekua godoro lake. Mwambie: Sudi, nilikosea, vidonge nilivihesabu vikawa sawa na bado sikukuamini, nisamehe. Kaa kimya hapo. Akikufungulia, muoneshe hii barua, hasa pale pa sigara, aone kwamba mwili wake ulikuwa unasema kweli na yeye alikuwa anasema kweli. Kuacha pakiti moja kwa siku baada ya miaka yote hiyo ni kazi kubwa ajabu na zawadi aliyopata ni kupekuliwa. Ukimpongeza, mpongeze kwa hilo.

Na umuulize Ijumaa anataka nani aende naye. Akisema sindano hataki, uliza kama wana kile kimashine cha kuchoma kidole, baadhi ya kliniki wanacho siku hizi na majibu yanatoka hapohapo. Akisema anataka kwenda peke yake, mwache aende.

Halafu Idi inakuja, marafiki watakuja na pakiti mfukoni. Akirudia kuvuta baada ya dozi kushushwa, dawa itashuka chini kwenye damu na sauti zinaweza kurudi, kwa hiyo akivuta hata akiteleza aseme, na ninyi akisema msimkalie kikao.

Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa ameze dawa kama kliniki watakavyosema baada ya simu yako, saa tatu na nusu, mapema kuliko siku nyingine, tarawehe asali nyumbani siku hiyo. Za asubuhi aziweke mfukoni mpaka atolewe damu, na kama za daku haziepukiki basi waambiwe. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika saa ya dozi ya mwisho na kama mtu anavuta. Mara nyingi panaachwa wazi. Mpe kalamu Sudi apajaze yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Niandikie namba ikitoka.